Kilo Mbili za Unga wa Ezekieli

Siku nilipokabidhi funguo za stoo na jaketi la shirika, wenzangu wa ofisi ya Mpanda walinikatia keki, wakanivisha kitenge, halafu wakaniuliza swali moja tu: "Mama Sesilia, uliwezaje kuishi vijijini kwa ile posho?" Nikawajibu kwamba nilikuwa nakula upepo wa Katavi. Wakacheka, tukala keki. Jibu la kweli ni kwamba sikuweza, na yupo mgonjwa mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu hiyo. Utani ule nimeutumia miaka mingi. Sasa nimestaafu, nawaandikia ninyi mnaobaki kazini kilichokuwa nyuma yake.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipata viwili, na kwa hicho cha pili kilichobadilika ni kiti tu.

Nilianza kazi nikitokea Mwamkulu, pembeni ya Mpanda, nikiwa na watoto watatu na shamba la mahindi lisilotosha. Shirika letu lilikuwa dogo. Kazi yangu ilikuwa kuwafuatilia nyumbani wagonjwa wa kifua kikuu wa upande wa Mpimbwe, Usevya mpaka Kibaoni, kuhakikisha wanameza dawa kila siku hadi mwisho. Dawa zilitoka kituo cha afya. Sisi tulitoa miguu na macho, na kwa wale waliodhoofu sana, mfuko wa chakula kila mwezi: kilo kumi za unga wa sembe, maharage, na chupa ya mafuta ya kula.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kasiani, Mpimbwe mzaliwa wa Kibaoni, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Jumapili hakukosa misa, lakini binadamu hakumwamini hata mmoja. "Mungu namwamini bila kumwona," aliniambia siku ya kwanza. "Mgonjwa, naomba nione mkojo wake."

Nilidhani anatania. Siku hiyohiyo tuliingia nyumba moja Usevya, mama mmoja akatuapia kwa watoto wake wote kwamba anameza vidonge kila asubuhi. Mzee Kasiani akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akamtolea kichupa cha plastiki chenye mfuniko. Mama akaenda nyuma ya nyumba, akarudi nacho. Dawa ile ukiimeza, mkojo unageuka rangi ya chungwa. Uliokuwa kwenye kichupa ulikuwa mweupe kama maji ya kisima. Baadaye mama mwenyewe alituonyesha vidonge alikovificha, ndani ya majivu ya jikoni. Vilikuwa vinamtia kichefuchefu, na aliogopa kusema.

"Umeona?" Mzee akaniambia tukiwa njiani. "Usimshuku mtu kwa kumchukia. Mshuku kama fundi anavyoshuku ukuta. Gonga, sikiliza, gonga tena."

Nilijifunza kugonga. Nilijifunza kuhesabu vidonge vilivyobaki kabla mgonjwa hajamaliza kunisalimia, kukaa nje upande upepo unakotokea, na kuangalia jikoni kabla ya kuuliza habari za chakula. Baada ya mwaka mmoja, mtu akiniambia "nimeshakula" nilikuwa natazama midomo yake.

Sasa ile posho. Ilikuwa elfu saba kwa siku ninapokuwa kijijini: kulala, kula, na bodaboda. Ofisini waliiita posho ya kujikimu. Kujikimu ni neno zuri, ila halina mboga ndani yake. Gesti ya Kibaoni ingemeza karibu yote, na nyumbani Mwamkulu kulikuwa na watoto wa shule wanaoitegemea posho hiyohiyo. Kwa hiyo nilipanga chumba Usevya kwa mwezi, kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Skola. Nilitoka Mpanda na dagaa wa Karema niliowakaanga na chumvi tu mpaka wakauke, maana hao wanakaa wiki mbili bila kuharibika. Asubuhi mhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Mchana nilikuwa njiani, na njiani hakuna jiko. Bodaboda nilipanda mvua ikinyesha, siku nyingine nilitembea. Soda sikunywa mbele ya wagonjwa. Niliwaambia wenzangu kwamba ni maadili ya kazi.

Kijiji kilinitazama. Mtu aliyeshushwa na gari jeupe lenye antena ndefu, halafu ananunua nyanya mbili. Muuza genge mmoja hakujizuia.

"Dokta, leo tena fungu la mia mbili?" Kwao kila mtu wa afya ni dokta. "Lile gari lenu linakunywa mafuta ya bei gani vile?"

"Gari siyo langu, mama."

"Hee! Basi sawa." Akamtazama mwenzake.

Walikuwa na mawazo mawili juu yangu. La kwanza, kwamba pesa ninayo ila naificha. La pili, kwamba mwenye njaa anayelala chumba kimoja na mifuko ya unga, siku moja mkono wake utaingia ndani ya mfuko. Mimi mwenyewe ningekuwa mmoja wao ningewaza hilo la pili. Ndilo nililofundishwa kazini.

Mama Skola peke yake hakunitazama hivyo, au nilidhani hivyo. Alikuwa mama wa makamo, mikono mipana, anayelima mahindi yake na kuishi na wajukuu. Mwezi wa pili wa kupanga kwake alinigongea mlango jioni.

"Sesilia mwanangu, njoo ule. Nyumba moja tunapika vyungu viwili, kwani tumegombana?"

Nikaenda. Tangu siku hiyo nilikula kwake kila jioni. Nilitoa mchicha na chumvi, na dagaa wangu siku nilizokuwa nao. Nilimshukuru Mungu, na niseme ukweli, nilishukuru zaidi nilipoona posho inabaki. Nilituma zaidi nyumbani. Sikuuliza kitu.

Sasa niwaeleze kuhusu Ezekieli. Alikuwa mkulima wa mpunga, anakaa pembeni ya Kibaoni na mke wake Dafroza na watoto wanne. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, na ukubwani akapata uraia wa Tanzania. Cheti aliwahi kunionyesha hata kabla ya kadi ya matibabu. Nilimkuta amebaki mifupa na macho. Akaanza dawa, akaanza kula, na mkojo wake ulikuwa chungwa kila nilipoomba. Nilimwandika kwenye daftari kwamba ni mgonjwa wa mfano.

Mwezi wa tatu wa dawa zake nilimpelekea mfuko wake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje. Akaupokea kwa mkono mmoja, akaunyanyua, akaushusha.

"Dokta, mfuko huu ni kilo ngapi?"

"Kumi, kama siku zote."

"Haufiki."

Nikacheka. Nimekijutia kicheko kile kuliko makosa yangu mengine yote ya kazini.

"Usinicheke, dokta," akasema bila kupandisha sauti. "Mimi nimekulia kwenye mgao. Baba alikuwa ananituma foleni nikiwa mtoto. Kilo kumi naijua mkononi. Na mwezi uliopita ulikuwa mwepesi pia, nikanyamaza."

Dafroza akauchukua mfuko kichwani, akaenda nao kwa mnunuzi wa mpunga mwenye mizani. Aliporudi, nyuma yake walikuwa majirani sita. "Nane," akasema. "Nane na kidogo." Hakuna aliyenitukana. Waliniangalia tumbo tu, kama wanatafuta kilo mbili zilipokaa.

Wiki iliyofuata niliomba mkojo. Ulikuwa mweupe.

"Umeacha dawa?"

"Nimeacha."

"Ezekieli, utakufa."

"Unga mnaupunguza na mimi nauona kwa macho," akajibu. "Vidonge sivioni ndani. Nitajuaje humo mmepunguza nini? Nitameza siku nikijua unga wangu uko wapi."

Dafroza alikuwa mlangoni na mtoto wao wa mwisho mgongoni. Mtoto akakohoa. Akakohoa tena. Dafroza alinitazama, mimi nikatazama chini.

Siku zile nilimshuku kila mtu. Nilimshuku mtunza stoo wa Mpanda, ambaye leo najua hakuwa na kosa lolote. Nilimshuku dereva, kwa sababu alikuwa anasimama sana njiani kule porini, na kwa kweli nani anasimama kwa hiari mahali penye mbung'o? Halafu nikamshuku Mzee Kasiani. Alikuwa ameezeka nyumba upya mwaka ule. Niliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: *Mabati, pesa ya wapi?* Niliandika kwa penseli, kama kwamba penseli inapunguza aibu.

Nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza habari za mfuko. Akanisikiliza kama alivyowasikiliza wagonjwa, mpaka mwisho.

"Na mimi umenishuku?"

Sikuweza kumdanganya. "Ndiyo, Mzee."

"Vizuri." Hakukasirika, au alikasirika kwa namna isiyoonekana. "Ila unashuku kwa kubahatisha. Azima mizani. Pima mfuko kila mlango unaopita. Mlango utakaokupa namba tofauti, hapo ndipo ukae."

Mnunuzi wa mpunga aliniazima mizani ya ndoano. Safari iliyofuata nilipima mfuko wa Ezekieli Mpanda stoo: kumi. Nilipima Usevya tulipoushusha: kumi, dereva akinitazama kwa uchungu. Asubuhi yake nikapima chumbani: kumi. Mifuko mingine nikaigawa kwanza kwa wagonjwa wa karibu, kama kawaida, na wa Ezekieli ukabaki, kwa kuwa Kibaoni ndiyo ilikuwa mwisho wa mzunguko wangu. Siku ya nne, Jumamosi, nilirudi adhuhuri nikapima tena. Tisa.

Nilikaa kitandani na mizani mapajani. Chumba kilikuwa na kufuli moja na funguo mbili. Moja mfukoni mwangu. Nyingine kwa Mama Skola, anayenifagilia nikiwa safarini.

Nilimwazia mabaya, sitaficha. Nilimwona kichwani mwangu yuko sokoni na ungo, anauza unga wa wagonjwa kwa kopo. Nilikuwa natafuta maneno ya kumkabili wakati yeye mwenyewe aliponiita.

"Sesilia! Umewahi leo. Njoo ule ukiwa moto."

Nikatoka, nikanawa, nikakaa. Sahani yangu ilikuwa imeshapakuliwa, ugali na kisamvu. Nikamega tonge, na nilipolitazama ndipo nilipouona ugali ule kwa mara ya kwanza, baada ya miezi mitatu ya kuula. Ulikuwa mweupe. Mama Skola alikuwa anasaga dona. Siku zote alisaga dona, mahindi yake mwenyewe bila kuyakoboa, na gunia lake lilikuwa pale pembeni. Nikatazama sahani yake. Dona. Nikatazama sinia la wajukuu. Dona. Sahani nyeupe ilikuwa moja tu. Zile jioni zote nilikuwa nimejiambia kwamba kupakuliwa kivyangu ni heshima ya mgeni.

"Mama, unga huu umetoka wapi?"

Akauweka mwiko chini. Hakutafuta uongo. "Chumbani kwako."

"Ni wa mgonjwa."

"Najua ni wa wagonjwa. Na wewe je? Ulikuja hapa na mashavu, jitazame sasa. Unashinda juani, ukirudi unakunywa chai na kukwangua dagaa. Nikasema shirika lina mifuko na mifuko, kibakuli kimojakimoja nani atakiona? Kukupa dona langu kila siku nisingeweza, wajukuu hawa wanalitazama. Nilichota, nikapika, ukala. Hakuna mwingine humu aliyeuonja."

"Mama, yule mtu ameacha dawa."

"Mtu gani?"

Nikamweleza. Ezekieli, mizani, mtoto anayekohoa. Alivyokuwa ananisikiliza, mikono yake mipana ikaanza kushika kitu na kukiacha, kikombe, ukingo wa khanga, kikombe tena. Mimi tonge lilikuwa bado mkononi. Nilikuwa nimeshuku watu wa nyumba zote kutoka Usevya hadi Mpanda, na sahani yangu sikuishuku, kwa sababu ilikuwa inaninufaisha.

Nilifikiria kusema ni panya. Nawaambieni hili ili msidhani nilikuwa mtakatifu. Jumapili baada ya misa nilimwambia Mzee Kasiani yote, na panya nikawataja.

"Panya ofisini watakubalika," akasema. "Ezekieli hatawakubali. Panya akishakula unga hafungi tena fundo la mfuko."

Jumatatu nikaenda Kibaoni. Mama Skola aligoma kubaki, akaja na nusu debe ya mahindi yake kichwani, ya kulipia kilo za nyuma. Tulimkuta Ezekieli amelala ndani. Alitoka akishika ukuta. Zilikuwa zimepita karibu wiki tatu bila dawa, na ule mwili tuliokuwa tumeurudisha ulikuwa umeanza kuondoka tena.

"Ezekieli," nikasema, "unga wako nimeula mimi. Sikujua, lakini tumbo lililoula ni hili."

Akajishusha taratibu kwenye mkeka. "Kwa hiyo sikuwa nimechanganyikiwa," akasema. "Hata ndugu zangu walianza kusema ni homa."

"Hukuchanganyikiwa."

Akamgeukia Mama Skola. "Na wewe, mama, kwa nini?"

"Alikuwa na njaa."

"Mtu wa shirika?"

Hakuamini, na sikuona njia nyingine ila kumtajia posho yangu, yote, na inavyogawanyika mpaka senti inayokwenda Mwamkulu. Alisikiliza akihesabu kwa vidole. Dafroza pia alikuwa anahesabu.

"Aisee," Ezekieli akasema. "Hata sisi kwenye mgao tulikula vizuri kuliko nyie." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na tukangoja pale wote wanne mpaka kilipokwisha. Kilichukua muda.

Dafroza alileta maji na vidonge. Ezekieli akavishika kiganjani, lakini hakuvipeleka mdomoni.

"Weka kwanza mfuko kwenye mizani."

Nikautundika, pamoja na unga nilioununua kufidia. Akasogea, akasoma mshale kwa macho yake. Kumi. Ndipo akameza.

Kituo cha afya kilimpima upya na kumwongezea muda wa matibabu. Watoto nao walipimwa. Watatu walikuwa salama. Yule mdogo alikutwa na ugonjwa, akaanzishiwa dawa. Nilimuuliza tabibu kama aliambukizwa katika zile wiki tatu au kabla yake. Akaniambia hakuna anayeweza kujua. Alinijibu kwa upole mno, na kwa kazi niliyofanya, jibu la upole siliamini haraka. Mpaka leo sijaliamini.

Ofisini niliandika taarifa yote, bila panya. Nilipewa barua ya onyo, ninayo bado, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri sana. Posho haikuongezwa. Ila mizani zilinunuliwa, na ukaanza ule utaratibu mnaoukuta leo, wa kupima mfuko mbele ya mgonjwa na yeye kuweka sahihi. Wengine wenu mnalalamika kwamba unapoteza muda. Sasa mnajua ulitoka wapi.

Kwa Mama Skola sikuhama. Alinirudishia ufunguo mwenyewe, akauweka mezani, na kwa wiki kadhaa tulisalimiana kama watu waliokutana benki. Halafu jioni moja akaniita nikale. Lilikuwa dona. Tukala kutoka sinia moja na wajukuu, na mimi nilichangia mahindi kila mwezi mpaka nilipohamishwa.

Nyie mnaobaki, shukuni, ndiyo kazi. Shukuni vidonge, shukuni kadi, shukuni hata sisi wazee. Lakini ukiona maisha yako yamekuwa mepesi ghafla na posho ni ileile, anza kugonga hapo.

Ezekieli alimaliza dawa mwaka uliofuata. Makohozi yalikuwa safi, nikamsainia kadi kwenye mkeka uleule. Dafroza akatoka na wali wa mpunga wao na samaki wa Rukwa, akaniwekea mbele sahani iliyojaa. Nikasita. Maji ya kunawa yaliletwa na mimi bado nimeshika kalamu.

"Kula, dokta," Ezekieli akasema. "Huu hatujaupima."

Nikanawa. Lakini kabla sijamega nilichungulia ndani, kwa mazoea, kuona kama watoto wamepakuliwa. Walikuwa wamezunguka sinia lao, midomo imejaa, na yule mdogo alikuwa amesimama na kijiko mkononi, anamdai mama yake amwongeze.